Sinia ya baada ya isha

Dada yangu, umeeleza kwamba una mimba ya miezi minne, kwamba unakula peke yako saa kumi na moja jioni, na kwamba mume wako amenuna kwa kuwa huketi tena kwenye sinia na watu wa kwao baada ya isha. Katika mimba yetu ya kwanza, hapa hapa Lamu, mume wa namna hiyo nilikuwa mimi.

Jiko letu liko juu, na kila tui lilipotiwa motoni mke wangu alishuka hadi dakani, pale ukumbi wa mlangoni, na kipande cha ndimu puani. Nilimwona, na bado nikamwambia anamdharau mama. Usiku mmoja nilimshurutisha, akala vijiko vitatu vya wali na changu wa kupaka, akajilaza, na saa nane nikamkuta ameketi kitandani, mito mitatu mgongoni, kiungulia kimemkaba, akilia bila sauti.

Mkunga wa kliniki alinieleza kwamba homoni za mimba hulegeza misuli inayofunga njia kati ya umio na tumbo, kisha kadiri mimba inavyokua ndivyo tumbo la chakula linavyobanwa. Kwa hiyo mjamzito ale kidogo kidogo mara nyingi, na baada ya kula akae muda wa saa mbili au tatu kabla ya kulala. Sisi tulikuwa tunakula saa mbili na nusu na kulala saa nne.

Hata hivyo, hasira zangu hazikuisha kwa maelezo hayo, kwani kilichoniuma ni ile nafasi tupu mkekani mbele ya wageni. Zilikwisha siku nilipomwomba mama radhi kwa niaba ya mke wangu, naye akashangaa: alipokuwa na mimba yangu, hata kahawa ya marehemu baba hakuweza kuinusa. Kumbe hakuwahi kuudhika. Nilikuwa nikimnunia mke wangu kwa jina la mama.

Kwa hiyo zungumza na mavyaa wako, mama wa mumeo, wewe mwenyewe, mchana, mkiwa wawili, kisha mwende kliniki na mume wako. (Ukitapika hadi maji hayakai tumboni, nenda hospitali siku hiyo hiyo.) Kwetu, samaki walianza kupikwa alasiri mke wangu akiwa kwa shangazi yake, na baada ya isha aliketi nasi mkekani na bakuli lake la uji, akinywa alipotaka.