Tofu inagandia, mboga zinatoa maji: majibu ya maswali yenu

Maswali ya leo ni matano, yote ya tofu na mboga za kukaanga Kichina, na nilivyoyasoma nikaona mengi yanarudi kwenye kitu kimoja tu: maji.

Kila nikikaanga tofu inagandia kwenye kikaango na kupasukapasuka. Nakosea wapi?

Hujaikausha, ndugu yangu. Tofu ni maziwa ya soya yaliyogandishwa afu yakakamuliwa, na hata ile ngumu bado sehemu kubwa ya uzito wake ni maji, sasa ukiitoa kwenye paketi na kuitupia kwenye mafuta hapohapo inachemka badala ya kukaangika. Kwanza hakikisha umenunua ngumu, ile laini inayotetemeka ni ya supu, usijisumbue nayo hapa. Ifunge kwenye kitambaa kisafi, weka sahani juu na kitu kizito juu ya sahani, iache dakika 20 hadi 30. Nikiwa na haraka mi naikata vipande vya kama sentimita 2, namwagia maji yaliyochemka yenye chumvi, naacha dakika 15 afu naifuta vizuri. Najua inashangaza kutoa maji kwa kutumia maji, ila jaribu, ngozi ya nje inakauka haraka sana na ndani inapata ladha kidogo.

Baada ya hapo nyunyizia wanga wa mahindi, ule mweupe laini kama poda, vijiko vikubwa 2 vinatosha tofu ya gramu 400. Pasha kikaango kwanza, mafuta yafuate, panga vipande visigusane, halafu uviache! Hapa ndo wengi wanaharibu, mtu anaanza kugeuzageuza sekunde ya kumi. Sikiliza: mwanzo utasikia kelele kali ya kuchachatika, ikianza kutulia baada ya dakika 3 au 4 sukuma kipande kimoja taratibu na mwiko, kama kimeshika chini bado hakijaiva upande huo, kikiwa tayari kinajiachia chenyewe na utaona rangi ya dhahabu.

Mboga zangu zinaishia kuwa kama mchuzi, zimelegea. Moto ni mkubwa kabisa.

Moto unaweza kuwa mkubwa ila kikaango kimejaa, na kikijaa kinapoa, mboga zinatoa maji, maji hayapati nafasi ya kukauka, basi unakuwa unachemsha. Kaanga kidogokidogo, hata mara mbili au tatu, unatoa unaweka pembeni. Na ukishaosha mboga zikaushe, maji yanayobaki kwenye majani yanatosha kabisa kuharibu kila kitu. Wakanton, Wachina wa kusini, wana neno wok hei, yaani pumzi ya kikaango, ile harufu ya moshi kwa mbali inayotokana na moto mkali sana wa mgahawani, jiko la nyumbani halifiki huko na wala usihuzunike, ukikaanga kidogokidogo unapata chakula kizuri sana.

Utaratibu wangu: karoti na vishina vya brokoli vinatangulia, dakika 2 baadae hoho, majani kama spinachi nusu dakika ya mwisho. Uyoga nakaanga peke yake kwa sababu una maji mengi.

Mume wangu ana presha. Soya sosi si ni chumvi tupu?

Dada, uko sahihi kuwa makini. Kijiko kikubwa kimoja cha soya sosi ya kawaida kina kama miligramu 900 za sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe 2,000 kwa siku, yaani chumvi isiyofika gramu 5, kwahiyo kijiko kimoja tu kimekula karibu nusu ya siku. Kwa watu wawili mi natumia kijiko kikubwa 1 cha ile iliyopunguzwa chumvi, maji vijiko vikubwa 3, siki ya mchele vijiko vya chai 2, tangawizi ya kukwaruza na wanga kijiko cha chai 1, na chumvi siongezi kabisa. Wanga unafanya sosi iwe nzito ishike kwenye mboga badala ya kutuama chini ya sahani, ndo maana kidogo kinatosha. Ila iliyopunguzwa bado ina chumvi, usimimine kwa kujiamini, na alichoambiwa na daktari wake ndo kinatangulia.

Ni kweli tofu inaharibu homoni za wanaume?

Hapana. Soya ina isoflavoni, zinazofanana na estrojeni, homoni ya kike, lakini nguvu yake ni ndogo sana, na tafiti zilizojumlishwa pamoja hazikukuta testosteroni, homoni ya kiume, ikishuka. Wa kuwa makini ni mwenye aleji ya soya, huyo asiguse kabisa, na anayemeza vidonge vya tezi ya shingo, amuulize daktari apishanishe dawa na soya kwa masaa mangapi kwa sababu soya inapunguza dawa kufyonzwa.

Kitunguu saumu changu kinaungua, chakula kizima kinakuwa kichungu.

Unakiweka mapema mno. Mboga zikishakaribia kuiva zisogeze pembeni, tia tone la mafuta katikati, weka kitunguu saumu na tangawizi, sekunde 30 tu mpaka harufu ipande, hapo mimina sosi, ikianza kung'aa na kuwa nzito rudisha tofu na ugeuze mara mbili tatu. Zima jiko, ndipo unyunyizie mafuta ya ufuta kijiko cha chai kimoja, ukiyatia mapema moto unakula harufu yote.