Nilimwambia wifi "utapata mwingine", sasa hapokei simu zangu

*Shangazi, wifi yangu alijifungua mtoto mfu wiki tatu zilizopita, mimba ikiwa ya miezi minane. Nilikwenda wodini nikamwambia, "Usilie, afadhali wewe umepona, utapata mwingine." Akageukia ukutani. Tangu hapo hapokei simu zangu. Nilikosea wapi? – Wifi, Morogoro*

Pole nawe, binti yangu, maana huyo alikuwa mtoto wa kaka yako.

Kilichomchoma ni hiyo "afadhali". Ukianza na afadhali, bora au angalau, unampimia mtu uchungu wake na kumwambia umezidi kipimo. "Utapata mwingine" nayo inamfanya marehemu awe kama sahani iliyovunjika. Yeye alikuwa akimlilia huyu.

Halafu misiba ya namna hii mara nyingi haina matanga. Wazee wachache huzika upesi, mama bado yuko wodini, na wiki haiishi watu wanamtarajia arudi jikoni. Maneno machache aliyoambiwa ndiyo msiba wake wote, kwa hiyo ameyashika.

Acha kupiga simu. Mwandikie hivi: "Wifi, nilikosea kusema utapata mwingine. Nasikitika sana kwa mtoto wenu. Usihangaike kunijibu. Jumamosi saa nne nitaleta chakula. Kama hutaki mgeni, nitamwachia kaka mlangoni." Usiongeze "sikuwa na nia mbaya", utamgeuza yeye akubembeleze wewe. Wala usiandike "ukihitaji chochote sema". Aliyefiwa hana nguvu za kupanga orodha.

Akikupokea, sema "pole sana", kaa, nyamaza. Usiulize ilikuwaje wala daktari alisema nini. Kama walimpa mtoto jina na yeye mwenyewe akalitaja, nawe litaje. Osha vyombo, fua, kisha ondoka ndani ya saa moja. Nguo za mtoto usiziguse mpaka akuombe. Ndugu wengi huzificha kwa huruma, na mama akikuta kabati tupu anafiwa mara ya pili.

Kumbuka pia kwamba ni mzazi. Maziwa hujaa siku chache baada ya kujifungua hata kama mtoto hayupo, na damu inaweza kuendelea hadi wiki 6. Sidiria inayoshika vizuri na kitambaa cha baridi husaidia. Akiyakamua mara kwa mara yatazidi kuja. Homa, titi jekundu lenye moto, au damu yenye harufu mbaya au inayoongezeka ghafla: hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo akisema hataki kuishi, na hapo asiachwe peke yake. Kama halali wala hali kwa zaidi ya wiki 2, apelekwe kliniki.

Tarehe aliyotazamiwa kujifungua bado haijafika. Muulize kaka yako ni lini, uwatumie pole siku hiyo. Na yeye mwenyewe umpe pole yake peke yake, maana wanaume katika msiba huu huulizwa tu, "Mama anaendeleaje?"