Msihesabu maiti kwa chama, hesabuni kwa tarehe

Habari zenu mhariri na wasomaji wenzangu. Swali la wiki hii mmeuliza, rais wa Marekani akikuta vita vimeshaanza, damu inayomwagika akiwa madarakani ni yake au ni ya aliyemtangulia? Nimeona nijibu kwa urefu kidogo maana hili nalisikia karibu kila siku kazini.

Mi mtu wa Mombasa, nipo Maryland mwaka wa 11 sasa, kazi yangu kuangalia wazee majumbani. Mzee niliye naye alipigana Vietnam, ni Mrepublikan wa kufa na kuzikwa, binti yake Mdemokrat, na jioni wakikaa mezani hawamalizi chakula bila kurushiana maiti. Mzee anasema vita vyote vikubwa waliviingia Wademokrat, Wilson, Roosevelt, Truman, Johnson, binti anamrudishia na Iraq je baba, Bush alikuwa chama gani, na zile silaha za maangamizi alizosema Iraq inazo zilipatikana wapi?

Hoja ya mzee ni ya zamani. Mwaka 1976 Bob Dole, mgombea umakamu wa rais wa Republikan, alisema kwenye mdahalo kwamba ukijumlisha Wamarekani waliouawa na kujeruhiwa kwenye vita vya Wademokrat karne ile unapata milioni 1.6, watu wa kutosha kujaza mji wa Detroit. Na Dole mwenyewe alijeruhiwa vibaya Italia 1945, mkono wa kulia haukupona tena, yaani na yeye yumo kwenye hiyo milioni, ndio maana inaniuma zaidi kwamba maneno yale yalitoka kwake. Mpinzani wake Walter Mondale akamuuliza kama kweli anataka kusema kupigana na Hitler lilikuwa jambo la chama kimoja. Hapo mi nipo na Mondale.

Maana tuangalie kura. Agosti 1964, azimio la ghuba ya Tonkin lililompa Johnson ruhusa ya kupigana Vietnam lilipita kwa kura 416 kwa 0 kwenye Baraza la Wawakilishi na 88 kwa 2 kwenye Seneti, sasa hapo utasema ni chama gani? Iraq hivyohivyo, Oktoba 2002 maseneta 29 wa Demokrat kati ya 50 walimpa Bush mtoto kura ya ndiyo, binti wa mzee nilipomwambia hakuamini mpaka akaangalia mwenyewe.

Lakini sisemi wote sawasawa, hapana, ukisema wote wana makosa ushawaachilia wote. Mi kipimo changu ni kimoja, siku aliyoamua alikuwa anajua nini. Johnson simu zake zilirekodiwa, Mei 1964 anasikika akimwambia mshauri wake kwamba haoni kama vita vile vinastahili kupiganwa na tena haoni pa kutokea, afu mwaka uliofuata akamwaga jeshi la ardhini mpaka likapita laki tano. Alijua, na akapeleka vijana. Huo mzigo ni wake kabisa. Nixon, Mrepublikan, akaapishwa Januari 20, 1969, sawa, alivikuta, lakini kati ya Wamarekani zaidi ya 58,000 waliokufa kwenye vita vile, zaidi ya 20,000 walikufa yeye akiwa Ikulu, na akaviingiza na Cambodia. Umekaa ndani ya nyumba miaka 4, paa linavuja watu wanalowa, bado unasema ni la mpangaji aliyehama?

Mwaka jana tulimpeleka mzee Washington kwenye ule ukuta wa kumbukumbu ya Wamarekani waliokufa Vietnam. Jiwe jeusi linang'aa mpaka unajiona sura yako ndani ya majina. Majina hayajapangwa kwa alfabeti wala kwa cheo, yamepangwa kwa tarehe, aliyetangulia kufa anatangulia kuandikwa, na kuna kitabu pale unapekua unaambiwa jina liko jiwe la ngapi mstari wa ngapi. Rafiki yake alikufa Machi 1969. Binti akalipata, nikasogeza kiti cha magurudumu, mzee akaweka karatasi juu ya jina akawa anasugua na penseli polepole, mkono unatetemeka, herufi zinatokea moja moja. Binti akasema taratibu, baba, Nixon alikuwa ameshaingia. Mzee akakaa kimya kitambo, akasema Johnson ndiye aliyemtuma. Wote wawili walikuwa wanasema kweli, na kwenye jiwe hakuna alama yoyote inayoonyesha Johnson kaishia wapi Nixon kaanzia wapi, ni jina baada ya jina.

Sasa kuna vita ambavyo mimi vinanigusa kuliko hivyo. Somalia. Bush baba alipeleka wanajeshi Desemba 1992, ameshashindwa uchaguzi na Clinton, anakaribia kutoka. Oktoba 1993 wakauawa Wamarekani 18 kwenye mapigano ya Mogadishu. Warepublikan wakamkaba Clinton kwa sababu waziri wake wa ulinzi Les Aspin alikuwa amekataa ombi la makamanda la kupelekewa vifaru, Wademokrat wakasema huu mzigo alituachia Bush. Wanabishana mpaka leo kuhusu wale 18. Wasomali waliokufa siku ile ni mamia, na sisi Mombasa tulikuwa na kambi ya wakimbizi pale Utange, nilicheza na watoto wao, najua mtu akiulizwa babako yuko wapi anavyoangalia chini.

Na miezi sita baadaye yakaja mauaji ya Watutsi Rwanda, Clinton akaogopa kurudia Mogadishu, hakupeleka jeshi kuyazuia, mpaka 1998 akaja Kigali kukiri kwamba hawakufanya vya kutosha. Mi hao pia namwandikia yeye. Kutoamua nako ni kuamua, ila sijawahi kusikia chama chochote kikiwataja Watutsi kwenye hesabu zake.

Juzi mezani walipoanza tena nikawaeleza habari ya Somalia, kwa mara ya kwanza nikaingilia. Mzee akaweka uma chini akaniuliza, Wasomali walikufa wangapi siku ile? Nikamwambia mamia, idadi kamili hakuna. Binti akatoa simu akaanza kutafuta.