Kilwa ya kwenye gemu ni ya nani?

SWALI: Ndugu Mhariri, mpwa wangu anayesoma chuo alikuja likizo hapa Lindi na kompyuta yenye gemu iitwayo Civilization VI, ambamo mchezaji huongoza taifa na kujenga miji. Jioni moja aliniita kwa furaha nione alivyoijenga Kilwa Kisiwani, ilhali anacheza kama mfalme wa Ureno! Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, na sikujua kama tumeheshimiwa au tumedhihakiwa. Nilipolalamika alinijibu kwamba hata bao letu ni la kula kete za mwenzako. Je, nimkataze?
Mjomba, Lindi

JIBU: Mwalimu, usimkataze, ingawa kuguna kwako kuna msingi. Katika gemu hiyo ya mwaka 2016, Kilwa Kisiwani, iliyoongezwa mwaka 2018, ni mojawapo ya maajabu ya kujengwa, yaani majengo mashuhuri ya dunia, na yeyote anayewahi kulikamilisha ajabu hilo hulimiliki peke yake, awe Mwingereza, Mwazteki au Mreno. Ureno yenyewe iliingizwa mwaka 2021 ikiwa na mfalme João III. Kwa hiyo mpwa wako alifuata kanuni tu, na kanuni ndizo zilizomruhusu kuijenga Kilwa kwa jina la taifa ambalo merikebu zake, chini ya Francisco de Almeida, ziliuteka mji huo mwaka 1505, zikamng'oa mtawala wake, Amiri Ibrahim, na kuacha ngome iliyohamwa mwaka 1512.

Mimi hunikera zaidi habari ya Zanzibar. Humo imewekwa kuwa dola-mji, yaani haiwezi kushinda mchezo wala kwenda kuanzisha miji mingine. Hungoja wajumbe wa wakubwa, na anayetuma wengi kuliko wenzake huwa bwana wake na kupata mdalasini na karafuu zake. Sasa tazama zawadi ya kumaliza Kilwa: wajumbe watatu. Mpwa wako anaweza kuwapanga wote watatu Zanzibar, na karafuu zikaanza kumfikia mfalme wa Lisbon.

Sidhani watengenezaji walikuwa na nia mbaya, kwani waliipa Kilwa hadhi ileile ya Piramidi za Misri. Lakini gemu za aina hii zimetambulishwa tangu mwaka 1993 kwa vitenzi vinne, kuchunguza, kupanuka, kunyonya na kuangamiza, na ramani inayosomwa kwa vitenzi hivyo huwaona baadhi ya watu kama wachezaji na wengine kama mali iliyolala njiani. Kilwa ya kweli, iliyotajirika kwa dhahabu ya Sofala, katika pwani ya Msumbiji ya leo, iliyogonga sarafu zake yenyewe na kutembelewa na msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, ilikuwa mchezaji.

Kuhusu bao, kijana ana nusu ya hoja. Kete huliwa, tena bila huruma, lakini kila mmoja huanza na kete 32 na mashimo 16, na zamu hupokezanwa.

Mpeleke Kilwa Masoko, mvuke kwa mashua hadi Kisiwani, mkauone Msikiti Mkuu na magofu ya Husuni Kubwa. Mkirudi, mwache afungue kompyuta yake, kisha umwombe akuandikie kanuni ambazo angezibadilisha ili Kilwa nayo ipate zamu ya kucheza.