Piga ukuta wa nyuma kwanza

Fundi alipanda ngazi, akapima kwa shibiri kipande cha ukuta kilichobaki, kisha akanigeukia. "Mwanangu, zidaka za safu ya pili zilikuwa na kina gani?" Zidaka ni vile vishubaka vya kuwekea vitu vilivyojengwa ndani ya ukuta. Sikuwa na la kumjibu. Miezi mitano kabla ya hapo nilisimama mbele ya ukuta huohuo na kamera nzuri mkononi, nikapiga picha tisa, nikaondoka.

Nyumba yenyewe iko Lamu, kwenye mji wa kale ulioingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, ina daka (baraza ya mlangoni), ina kiwanda (ua wa ndani), ina misana miwili (kumbi ndefu nyembamba), na ndani kabisa ulikuwepo ukuta wa zidaka. Wenyewe waliniomba niwatengenezee modeli ya pande tatu. Asubuhi mbili nzima nilizimalizia kwenye mlango wa nakshi na uso wa barabarani, picha zaidi ya 600. Ndani kulikuwa giza, nikawasha flashi, nikapiga haraka haraka kwa sababu jahazi la kurudi Mokowe lilikuwa linangoja. Masika ikaingia, maji yakapenya darini, boriti zilizokwisha kuoza zikakatika, ukuta ukashuka nazo. Mlango wa nakshi upo pale pale hadi leo, hauna hata ufa.

Kwa hiyo, ukiitwa kulihifadhi jengo kwa picha za pande tatu, lizunguke kwanza bila kamera. Muulize mwenye nyumba maji yanapita wapi mvua ikinyesha. Gusa kuta, tazama boriti zinapoingia ukutani, maana hapo ndipo zinapoanza kuoza. Palipo dhaifu ndipo pa kuanzia, hata kama pananuka popo na hapapendezi machoni. Mlango ulio mzima utausubiri mchana.

Kazi yenyewe haihitaji mashine ya mamilioni. Skana za leza ni nzuri sana, lakini wengi wetu hatuna. Kamera ya kawaida inatosha, kwa sababu programu hutafuta alama zilezile katika picha nyingi, ikajua kila picha ilipigwa kutoka wapi, kisha ikajenga umbo. Ili ifanikiwe, kila picha ilale juu ya iliyotangulia kwa asilimia 70 hadi 80. Piga, sogea hatua moja pembeni, piga. Usisimame mahali pamoja ukageuza kamera kama feni. Utapata picha nyingi zisizo na kina. Usivute zumu katikati ya kazi.

Ukuta wa matumbawe uliochubuka ni rahisi, una mashimo na mikwaruzo ya kutosha. Kinachosumbua ni ukuta uliopakwa chokaa nyeupe tupu: programu haipati pa kushika na modeli inatoka na matundu. Mimi husimamisha mbele yake mbao nyembamba zenye karatasi za michoro. Kamwe sibandiki kitu kwenye lipu ya zamani, maana gundi ikitoka inatoka na ngozi ya ukuta.

Zidaka zina taabu yake. Kila kimoja kipigwe kutoka kushoto, kulia, juu na chini, la sivyo programu itakizibia kina kikawa kama kimejazwa tope. Na flashi iache mfukoni. Kivuli chake huhama kila kamera inapohama, programu ikadhani ni sehemu ya ukuta. Tumia stendi ya miguu mitatu, acha kamera ifumbue jicho kwa sekunde mbili au tatu, na taa uielekeze kwenye ukuta wa nyuma yako ili mwanga urudi taratibu. Nje, nenda alfajiri kabla jua halijakata vivuli vikali, au siku ya mawingu.

Simu za bei kubwa zenye kipima umbali cha leza zinasaidia kupata umbo la chumba kwa dakika chache. Nakshi hazizioni vizuri.

Usisahau kijiti cha kipimo. Mimi nina ubao wa mita moja uliochorwa sentimita kwa rangi nyeusi na nyeupe, huuweka kwenye kila chumba. Bila hicho utabaki na umbo zuri lisilo na ukubwa, na fundi hawezi kujengea umbo lisilo na ukubwa. Ukishakuwa na vipimo, utaona hata sababu ya vyumba vya Lamu kuwa virefu na vyembamba: upana wake umefuata urefu wa boriti ya mkoko.

Lakini vipimo peke yake havijengi. Makaburi ya makabaka, wafalme wa Buganda, kule Kasubi, Kampala, yalipimwa kwa leza mwaka 2009. Tarehe 16 Machi 2010 moto ukaiteketeza nyumba kuu, Muzibu Azaala Mpanga. Umbo lake lilikuwa limehifadhiwa, pamoja na pete 52 za darini zinazowakilisha koo za Buganda. Kuezeka kwake, hata hivyo, ni kazi ya watu wa ukoo wa Ngeye, na namna ya kuchagua na kufunga yale majani imo mikononi mwao. Ndiyo maana siku hizi kinasa sauti hakitoki begini mwangu. Bibi mwenye nyumba ile ya Lamu aliniambia kidaka kipi mama yake alikuwa akiweka msahafu na kipi kilikuwa cha vyombo vya kaure. Hilo hakuna kamera itakayoliona.

Omba ruhusa, ya serikali na ya wenyewe, hasa ukitaka kurusha droni au kuingia vyumba vya ndani na penye makaburi. Picha halisi zitunze zote, si modeli peke yake. Programu za miaka ijayo zitatoa kitu bora kutoka kwenye picha zilezile. Weka nakala tatu, moja iwe mji mwingine. Na nakala moja kamili waachie wenye jengo, kwenye diski yao wenyewe. Inaniuma kuona kuta zetu zimehifadhiwa kwenye kompyuta za mbali ilhali fundi anayezikarabati hajawahi kuonyeshwa.

Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba la masultani lililosimama tangu 1883, ilianguka sehemu mchana wa Krismasi ya 2020, ikiwa katikati ya ukarabati. Watu wawili walikufa. Siku hiyo nilikaa nikitafuta picha zangu za miaka iliyopita. Zote zilikuwa za barazani na za mnara wa saa.

Mwaka uliofuata nilirudi Lamu, nyumba ya jirani, yenye ukuta wa zidaka wa zama zilezile. Safari hii nilianzia ndani, siku tatu, picha 1,140. Fundi yule yule akaja na miwani yake, nikamfungulia kompyuta juu ya baraza. Akaniambia nisogeze karibu, safu ya pili, cha nne kutoka kushoto. Nikabofya mdomo wa kidaka, nikabofya mgongo wake. Sentimita 17. Akafunua shibiri yake juu ya meza, akakunja kidole kidogo, akaitikia kwa kichwa. Kisha akaniuliza kama ninaweza kumwonyesha na cha tano.