Tandiko Lisilo na Kiunzi: Je, Linamfaa Kila Farasi?

SWALI: Ndugu Mhariri, farasi wangu ana mgongo mpana na mabega manene, na matandiko mawili niliyomnunulia yalimbana hata sasa hulaza masikio nyuma kila aonapo tandiko likiletwa. Nimeona tangazo la tandiko lisilo na kiunzi ambalo, kwa maneno ya muuzaji, humkaa kila farasi, huyaacha mabega huru na hueneza uzito wa mpandaji sawasawa. Limeundwaje, na je, maneno hayo ni ya kuaminika?

JIBU: Ndugu Msomaji, tangazo hilo halipimiki kabla hatujajua kiunzi hufanya kazi gani, kwa kuwa kukiondoa kiunzi si kuiondoa kazi yake. Katika tandiko la kawaida, kiunzi ni umbo gumu la ndani lililotengenezwa kwa tabaka za mbao zilizogandishwa kwa gundi na kutiwa nguvu kwa chuma, au kwa plastiki ngumu, lenye tao mbele, mwinuko nyuma, na mbavu mbili ndefu zinazolala kandokando ya uti wa mgongo. Umbo hilo huupokea uzito wa mpandaji na kuutandaza juu ya misuli ya pande zote mbili, hukiinua kiti kisiziguse pingili za uti wa mgongo, na hushikilia vyuma vinavyoning'iniza vikuku vya kukanyagia.

Tandiko lisilo na kiunzi hujengwa kwa tabaka za ngozi, sponji na sufu iliyoshindiliwa. Jina lake, hata hivyo, lina chumvi kidogo, kwa sababu mengi yake yana tao la mbele la sponji ngumu au faibaglasi; kinachokosekana hasa ni zile mbavu ndefu. Kwa hiyo vikuku huning'inia kwenye mkanda unaokatiza juu ya mgongo, na mpandaji anaposimama juu ya vikuku, uzito wake mwingi hukusanyika chini ya mkanda huo mwembamba.

Dai la mabega lina ukweli. Farasi anapotembea, sehemu ya juu ya bega husogea nyuma, na chini ya tandiko hili haikutani na ncha ngumu za kiunzi. Lakini tandiko lenye kiunzi cha upana unaofaa nalo huyaacha mabega huru, na muuzaji hulinganisha bidhaa yake na tandiko bovu, si na lililo zuri.

Dai la kueneza uzito ndilo dhaifu kuliko yote. Hilary Clayton na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, waliweka mkeka wa vipima-shinikizo chini ya tandiko la kawaida na chini ya lisilo na kiunzi, wakatumia farasi 8 waliokuwa wakikimbia mbio za wastani huku mpandaji ameketi. Lile la kawaida liliueneza uzito juu ya eneo kubwa zaidi, na lile lisilo na kiunzi likawa na sehemu kubwa zaidi yenye shinikizo lililozidi kilopaskali 11, kiwango kinachohusishwa na maumivu ya mgongo. Kiwango hicho ni sawa na takriban gramu 110 juu ya kila sentimita moja ya mraba. Aina moja haiwezi kuzihukumu zote, lakini matokeo hayo yanaafikiana na muundo nilioueleza.

Ama kuhusu kumkaa kila farasi, kulegea si kukaa. Tandiko laini hufuata umbo la mgongo, na mpandaji akishaketi hulikandamiza hadi kwenye pingili, hasa farasi akiwa na uti uliojitokeza. Ndiyo maana watengenezaji wengi huagiza litumiwe pamoja na pedi yenye vipande viwili vinene vinavyoacha mfereji katikati. Bila pedi hiyo nisingelitumia hata siku moja.

Mgongo mpana wa farasi wako unaweza kulistahimili ikiwa wewe ni mwepesi na safari zako ni fupi. Ikiwa sivyo, ningetafuta kwanza kiunzi kipana zaidi. Kabla ya yote, daktari wa mifugo amchunguze, kwa sababu masikio yanayolazwa yanaweza kuwa dalili ya maumivu ambayo tandiko jipya halitayaondoa. Ukilijaribu, bonyeza misuli ya kando ya uti kwa vidole kabla na baada ya kumpanda: akinywea au akiukaza mgongo, au ukiona doa kavu katikati ya jasho, lirudishe kwa muuzaji.