Ukitaka watu wafunge mwamba, anza na pweza

Nimekaa sana kwenye vikao vya kamati za uvuvi za shehia huku Pemba, na nyie mnaokuja na miradi ya mazingira nawaomba kitu kimoja, neno uendelevu liacheni kwanza kwenye begi. Ile tume ya Umoja wa Mataifa ya Gro Harlem Brundtland ilisema vizuri kabisa mwaka 1987, tutimize mahitaji ya leo bila kuwanyima watakaokuja, lakini mama anayeshuka pwani na mchokoo wake, kijiti cha kuchokolea pweza, bamvua hili maji yanapotoka mbali, anawaza sufuria ya jioni.

Muongeleeni pweza. Haishi sana, mwaka na kidogo hivi, na jike hutaga mara moja tu, anakaa pangoni analinda mayai wala hali, yakishaanguliwa anakufa. Yani ukimchokoa kabla hajataga umeondoka naye na watoto wote. Ila anakua haraka mno, yule mdogo wa leo ukimwacha miezi mitatu ni mwengine kabisa kwenye mzani, na ndo maana kufunga mwamba, yani kuacha kuvua hapo kwa miezi kadhaa, kunalipa. Bukini, yani Madagaska, pale Andavadoaka, walianza 2004, na huku kwetu Kisiwa Panza wamefunga na kufungua.

Sasa swali gumu ni hili, miezi hiyo watu wanakula nini? Mwenye ngalawa ataenda kwengine, mama anayetembea kwa miguu maji yakitoka hana pa kwenda, kwa hiyo fungeni kipande tu sio mwamba mzima, na yeye awepo wakati wa kuchagua kipande chenyewe. Kikao kiwekeni maji mafu, siku maji hayatoki sana. Ukiita watu bamvua, kina mama wako pwani, watakuja wazee wa baraza peke yao, halafu utasema jamii imekubali!!

Mipaka, faini, siku ya kufungua, nani anaruhusiwa kuvua siku hiyo, yote yasemwe mapema, na vijiji jirani waambiwe pia pamoja na wavuvi wa dago, wale wanaokuja kupiga kambi, manake mgeni asiyeambiwa akivua usiku mmoja walofunga wanavunjika moyo.

Siku ya kufungua pimeni hadharani, kila mtu aone kilo zake, na msisitize watu wasivunje matumbawe kwa pupa. Tarehe ya kufunga tena ipangwe hapohapo pwani, wiki mbili baadae kila mtu keshatawanyika na kuwakusanya ni kazi upya.